Kufundisha Mdahalo Pasipo Ukumbi: Mfano wa Ukumbi wa Nkrumah na Shule za Malambo

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza mambo mawili. Kwanza, historia fupi na matumizi ya Ukumbi wa Nkrumah, ulioko Mlimani katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pili, namna mwalimu wa shule ya kijijini isiyo na ukumbi wa aina yoyote anavyoweza kuitumia historia hiyo kuwafundisha watoto kusema mbele ya watu, kusikiliza na kuamua pamoja. Mfano wetu wa shule hizo tutauchukua Malambo, katika wilaya ya Ngorongoro.

Huenda msomaji akauliza: ukumbi wa chuo kikuu una uhusiano gani na mtoto wa Malambo, ambaye safari ya kufika Dar es Salaam ingemchukua zaidi ya siku moja? Jibu letu ni kwamba mtoto huyo, afike chuo kikuu asifike, siku moja ataketi katika mkutano mkuu wa kijiji. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza umri wa miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo. Tena, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiiruhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano mkuu. Kwa watu ambao uhai wao ni malisho na maji, hili si jambo dogo. Mtu asiyeweza kusimama akauliza swali, au asiyejua kusoma muhtasari ulioandikwa kwa niaba yake, anaweza kupoteza malisho ya wajukuu wake huku ameketi kimya. Kumfundisha mtoto kusema mkutanoni ni sehemu ya kazi ya mwalimu, wala si burudani ya Ijumaa jioni.

Historia ya Ukumbi

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London. Wakati huo hakikuwa na majengo yake. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha Sheria, katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na vyuo vya Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia kilimani, nje ya mji, mahali ambapo hadi leo panaitwa Mlimani. Tarehe 1 Julai, 1970, kikawa chuo kikuu kamili cha taifa, na Mwalimu Julius Nyerere akawa Mkuu wake wa kwanza.

Ukumbi mkuu wa Mlimani ulipewa jina la Kwame Nkrumah, kiongozi aliyeiongoza Ghana kupata uhuru mwaka 1957, akapinduliwa Februari 1966, na kufariki mjini Bucharest Aprili 1972. Jina hilo lina maana yake. Nkrumah alikuwa mmoja wa waandalizi wa Mkutano wa Tano wa Umoja wa Waafrika uliofanyika Manchester, Uingereza, mwaka 1945. Mikutano minne iliyoutangulia huo, kuanzia ule wa Paris wa mwaka 1919, ilifanyika Ulaya na Marekani. Waafrika walikuwa wakijadiliwa, na wao wenyewe wakijijadili, katika kumbi za watu wengine.

Mkutano wa Sita ndio uliokuja Afrika. Ulifanyika Dar es Salaam, katika Ukumbi wa Nkrumah, kuanzia tarehe 19 hadi 27 Juni, 1974, na Mwalimu Nyerere ndiye aliyeufungua. Walifika wajumbe kutoka serikali za Afrika na za visiwa vya Karibi, kutoka vyama vya ukombozi, na kutoka kwa watu weusi wa Marekani. Hoja kubwa iliyowagawa ilikuwa hii: je, mapambano ya mtu mweusi ni ya rangi, au ni ya matabaka? Hoja hiyo haikumalizika siku hizo tisa, na hadi sasa haijamalizika.

Kuna jambo moja katika historia ya mkutano huo ambalo mwalimu asiliache. C.L.R. James, mwanahistoria wa Trinidad aliyekuwa miongoni mwa watu waliouitisha mkutano, hakuhudhuria. Alikataa kuja kwa sababu makundi ya upinzani ya nchi za Karibi yalizuiwa kushiriki, na nafasi zikabaki kwa serikali zao. Funzo lililomo ni kwamba ukumbi haupimwi kwa maneno yaliyosemwa ndani tu. Hupimwa pia kwa watu walioachwa nje. Funzo hilo tutalirudia hapo mbele, kwa maana linaingia hata katika darasa la nne.

Matumizi ya Ukumbi

Kumbi za vyuo vikuu duniani hutumika kwa kazi nyingi zisizofanana. Katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, kwa mfano, uwanja wa ndani uitwao Pauley Pavilion, uliofunguliwa mwaka 1965, hujulikana zaidi kwa mpira wa kikapu. Lakini ndani yake yamefanyika mahafali, na mwaka 1984 yalifanyika mashindano ya jimnastiki ya Michezo ya Olimpiki. Huko Makerere ukumbi mkuu umo ndani ya jengo kuu la chuo. Jengo hilo lilipoungua Septemba 2020, majonzi yalikuwa makubwa kuliko hasara ya matofali, kwa sababu vizazi vya wasomi wa Afrika Mashariki vilipitia humo.

Ukumbi wa Nkrumah nao una matumizi mengi, na tunaweza kuyagawa katika mafungu manne.

(a) Mhadhara wa hadhara. Mtu mmoja husema, wengi husikiliza, kisha huuliza. Kilipoanzishwa Kigoda cha Taaluma cha Mwalimu Nyerere mwaka 2008, kikiongozwa na Profesa Issa Shivji, tamasha lake la kwanza lilifanyika katika ukumbi huu Aprili 2009, na mhadhiri alikuwa Wole Soyinka wa Nigeria.

(b) Mjadala na mkutano. Watu wengi husema kwa zamu, chini ya mwenyekiti, ili wafikie azimio. Mkutano wa mwaka 1974 ni mfano wake mkubwa.

(c) Mtihani. Hapa mamia ya watu huketi pamoja na hakuna anayesema. Ukumbi ule ule ambamo jana hoja zilipigwa kwa sauti, leo unadai kimya kabisa.

(d) Sherehe. Jumuiya hukutana kuwapongeza na kuwaaga watu wake.

Mwalimu aangalie kwamba katika mafungu haya yote jengo ni lile lile. Kinachobadilika ni utaratibu: nani aketi wapi, nani aseme lini, nani anyamaze, na nini kiandikwe. Kwa hiyo ukumbi, kwa maana ya elimu, ni utaratibu zaidi kuliko paa. Paa huhitaji fedha nyingi. Utaratibu huhitaji mwalimu aliyejiandaa.

Malambo si Mahali Pasipo Ukumbi

Ni kosa kudhani kwamba mtoto wa Kimaasai anayeingia shuleni Malambo hajui mkutano ni nini. Kwao kuna enkiguena, baraza la wazee linalokutana chini ya mti. Msemaji husimama, wengine huketi. Aliyesimama hushika fimbo au rungu. Wazee humsikiliza mpaka amalize, na mwenye hoja tofauti hungoja zamu yake. Hata kiongozi wa rika huitwa olaiguenani, jina lenye asili moja na neno hilo la baraza. Majirani zao Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, nao wana baraza la wazee wa urithi, wenamiji, ambalo tangu kale limesimamia zamu za maji katika mifereji ya mashamba yao.

Basi mwalimu anayefika darasani na kuandika ubaoni, "Mdahalo ni majadiliano ya watu wengi," kisha akawaamuru watoto wainakili sentensi hiyo, amewapa watoto maneno na kuwanyang'anya kitu chenyewe. Mtoto ataikariri sentensi na kuipata katika mtihani, lakini hatatambua kwamba jambo linalotajwa ndilo lile alilolitazama kwa mbali akiwa na ndama, babu yake akisema chini ya mgunga. Mbinu nzuri huanza na kile mtoto anachokijua, kisha humvusha kwenda kwenye asichokijua. Hapa kinachojulikana ni enkiguena, kisichojulikana ni Mlimani, na kinachokusudiwa ni mkutano mkuu wa kijiji.

Mpango wa Masomo

Tunapendekeza masomo matano kwa darasa la tano au la sita. Yanaweza kuenea katika majuma mawili au matatu, na yataingia katika vipindi vya uraia, historia, Kiswahili na hisabati.

Somo la kwanza: Baraza la nyumbani. Mwalimu amwalike mzee mmoja wa kijiji aje kueleza namna baraza linavyoendeshwa. Watoto wamwamkie kwa desturi yao, kwa kumwinamishia kichwa, na mwalimu asione kwamba desturi hiyo inapunguza heshima ya darasa. Maswali yaandaliwe siku moja kabla: Nani hufungua baraza? Nani husema kwanza? Watu wakikosana maneno, nani hutuliza? Baraza hujuaje kwamba limekwisha kukubaliana? Mzee akisema Kimaa, mwanafunzi mmoja atafsiri kwa Kiswahili, na mwingine aandike majibu ubaoni.

Somo la pili: Ukumbi wa mbali. Hapa mwalimu ahadithie historia tuliyoieleza hapo juu, kwa maneno mepesi. Kifaa kizuri ni noti ya shilingi 500 ya toleo la mwaka 2010, ambayo ilianza kutumika mwaka 2011. Upande wa mbele ina picha ya Sheikh Abeid Amani Karume, na nyuma ina picha ya Ukumbi wa Nkrumah na wahitimu. Tangu mwaka 2014 sarafu ilianza kuchukua nafasi ya noti hiyo, nayo sasa imekwisha kuondolewa katika mzunguko. Kwa hiyo mwalimu aliyeihifadhi moja asiione kuwa karatasi isiyo na thamani. Ipitishwe mkononi kwa kila mtoto. Waulizwe: Kwa nini nchi iliamua kuweka picha ya ukumbi katika fedha yake? Asiye na noti achore ubaoni.

Somo la tatu: Kupima ukumbi wetu. Darasa litoke nje na kamba iliyopimwa. Lipime juu ya ardhi mstatili wa mita 20 kwa mita 15, na kuuzungushia mawe. Eneo lake ni mita za mraba 300. Zikitengwa mita za mraba 60 kwa ajili ya njia na meza ya mwenyekiti, zitabaki 240. Ikiwa kila mtu atahitaji robo tatu ya mita ya mraba ili aketi bila kubanwa, ukumbi utachukua watu 320. Watoto walinganishe hesabu hiyo na idadi ya wanafunzi wa shule nzima. Kisha waulizwe swali ambalo kitabu cha hisabati huwa hakiulizi: mtu aliye nyuma kabisa atasikia? Mmoja asimame mbele aseme kwa sauti ya kawaida, na walio nyuma wainue mkono wakisikia. Mahali pa msemaji pachaguliwe kwa kuangalia upepo unakotoka, kwa kuwa katika nyanda zile upepo huchukua maneno pamoja na vumbi.

Somo la nne: Mdahalo wenyewe. Hoja itokane na maisha ya watoto. Hoja kama "Sayansi ni bora kuliko sanaa" imezeeka, na haimuumi mtu. Jina lenyewe la Malambo, kwa Kiswahili, ni wingi wa lambo, yaani bwawa linalochimbwa ili kunyweshea mifugo. Basi hoja iwe hii: "Wakati wa kiangazi, maji ya lambo yapewe mifugo kwanza kabla ya bustani ya shule." Kila mtoto ana la kusema hapo, na pande zote mbili zina haki kiasi chake.

Utaratibu uwe kama ufuatao:

1. Wachaguliwe mwenyekiti, mwandishi na mtunza saa. Mwalimu asiwe mmojawapo, aketi nyuma.
2. Kila msemaji apewe dakika tatu. Ashike fimbo anaposema, na asiyeshika fimbo asiseme.
3. Kabla ya kumpinga mwenziwe, msemaji aeleze kwanza alichokisikia: "Ndugu yangu amesema kwamba..." Ndipo ajibu. Kanuni hii pekee huondoa nusu ya ugomvi.
4. Mzunguko wa kwanza watoto waruhusiwe kusema lugha ya nyumbani, mwenzao akitafsiri. Mzunguko wa pili wote waseme Kiswahili. Mtoto aliyekwisha kuipanga hoja yake kichwani huona Kiswahili kimekuwa chepesi, kwa kuwa sasa anatafuta maneno tu, hatafuti tena la kusema.
5. Wavulana na wasichana waseme kwa zamu, mmoja kwa mmoja.

Kanuni hii ya tano yahitaji maelezo. Kwa desturi, enkiguena ni baraza la wanaume. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa sheria, ni wa wanawake na wanaume sawasawa. Mwalimu asiidharau desturi mbele ya watoto, wala asiifiche sheria. Awakumbushe kisa cha mwaka 1974, cha mtu aliyekataa kuingia ukumbini kwa sababu wengine wamefungiwa nje. Kisha aulize: Katika lambo letu, nani huchota maji kila siku? Ikiwa anayechota maji hasemi, mkutano utajuaje habari za maji? Watoto wataona wenyewe kwamba kumnyamazisha mchota maji kunapunguza akili ya mkutano wote. Tena mwalimu awe na subira. Msichana ambaye hajapata kusema mbele ya wavulana hatahutubia siku ya kwanza. Aanze kwa kusoma sentensi moja aliyoiandika, na sentensi hiyo isikilizwe kama hotuba nyingine yoyote.

Somo la tano: Muhtasari na azimio. Mwandishi asome alichoandika. Darasa lisahihishe: jambo gani limeachwa, jambo gani limeandikwa visivyo? Kisha muhtasari utiwe sahihi na mwenyekiti na mwandishi, ubandikwe ukutani. Walimu wengi huliruka somo hili kwa kuwa mdahalo umekwisha na kila mtu amechoka. Sisi tunaliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote. Maneno ya mkutano hupotea na upepo, muhtasari hubaki, na atakayekuja baadaye kudai kwamba kijiji kilikubali jambo fulani atafungua muhtasari. Mtoto aliyezoea kumwambia mwandishi, "Sikusema hivyo, tafadhali sahihisha," amepata silaha ya maisha.

Mambo ya Kuepuka

Kwanza, mwalimu asimtangaze mshindi kwa makofi peke yake. Makofi humfuata mchekeshaji. Ni afadhali darasa litaje hoja moja ya kila upande iliyolibadilisha mawazo.

Pili, asikubali hoja ambayo watoto hawana habari nayo. Mdahalo usio na habari huzaa kelele, na mwishowe mwalimu huusema yeye mwenyewe.

Tatu, asikatize sentensi ya mtoto ili kusahihisha sarufi. Makosa ayaandike pembeni, ayarudie katika kipindi cha Kiswahili, bila kutaja jina la mtu.

Nne, asiache kimya kiwe adhabu. Tuliona kwamba hata Mlimani ukumbi una siku zake za kimya. Mtoto afundishwe kwamba kunyamaza ili kusikiliza ni kazi, kama kusema kulivyo kazi.

Namna ya Kupima Maendeleo

Mwalimu aweke daftari lenye jina la kila mwanafunzi na nguzo nne: amesema; ameuliza swali; ameeleza hoja ya mwenziwe kwa usahihi; ameandika au kusahihisha muhtasari. Baada ya midahalo mitatu atazame nguzo zipi zi tupu, na kwa watoto gani. Akiona kwamba wasichana wote wana nguzo ya kwanza tupu, ajue kwamba ana ukumbi uliofunga mlango, hata kama hauna mlango.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba Ukumbi wa Nkrumah umepata heshima yake kutokana na mambo yaliyofanyika ndani: mihadhara, mijadala, mitihani na sherehe, kila moja kwa utaratibu wake. Tumeeleza pia kwamba utaratibu huo unaweza kujengwa kwa kamba, mawe, fimbo na daftari, juu ya desturi ya baraza ambayo watoto wa Malambo wanayo tayari. Hatusemi kwamba shule za vijijini hazihitaji majengo. Zinahitaji, na ni haki kuyadai. Ila mtoto aliye darasa la tano mwaka huu hatangoja jengo. Baada ya miaka michache atakuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano hautamngoja ajifunze.

Maswali ya Kujadili Vyuoni

1. Taja aina za baraza zilizoko katika jamii unayotoka. Ni kanuni zipi za baraza hilo zinazofaa darasani, na zipi zinahitaji kubadilishwa?
2. Tunga hoja tatu za mdahalo zinazotokana na mazingira ya shule yako ya mazoezi. Eleza kwa nini kila hoja ina pande mbili za haki.
3. Andaa somo moja la hisabati ambalo kifaa chake ni uwanja wa mkutano wa kijiji.
4. "Ukumbi hupimwa pia kwa watu walioachwa nje." Jadili usemi huu kwa kuangalia darasa unalolifundisha.